Kipimajoto Kinachombishia Mwenyekiti

Tanuri la Mbata,
Msambweni.
Machi, 1965

Kwa Bwana Afisa wa Mbata, Kwale,

Salamu nyingi, na Mola akujaalie pumzi safi, ambayo sisi hapa hatunayo kwa ajili ya moshi. Mimi ni Menza, katibu wa kamati ya tanuri. Naja kwako kukishtaki kile kipimajoto ulichotufungia mlangoni pa tanuri letu la kukaushia nazi.

Nina uchungu, nisikufiche. Nazi zilizomo ndani ni za mke wangu, Mwanatumu. Yeye alitaka kuzianika juani kama alivyofanya mamake. Nikamwambia tumeshapata Uhuru, mambo ya jua yamepitwa. Zikitoka zimeungua, mimi sina pa kulala.

1. Kifaa hiki ni kigeugeu. Mshale umesimama mbele kidogo ya namba zake bila kuzigusa, basi kila mtu humwambia lake kwa pale alipoketi. Mwenyekiti wetu, Mzee Dzombo, akiketi mwisho wa benchi huona digrii mia na hamsini. Bwana Thoya, mweka hazina, aliye karibu naye, huona mia na sitini. Mtu mzima mwenye ndimi mbili tungemwita mnafiki.

2. Ulituagiza tukitazame ana kwa ana, jicho lielekee mshale sawasawa. Bwana, benchi tumeliweka upande wa kulia kwa kukimbia moshi, na anayesimama mbele ya kioo cha kipimajoto humpa mwenyekiti mgongo. Mzee Dzombo ni mjomba wa mamangu. Nimpe mgongo kwa sababu ya namba? Hayo malezi sikupewa.

3. Bwana Mutunga, aliyetoka Ukambani akapata shamba huku, ndiye pekee asimamaye pale. Asema ni mia na themanini, na tutaunguza. Hatukumtukana. Tulipiga kura, kama watu wa nchi huru, na kwa kura tatu kwa moja joto likawa mia na hamsini. Mshale haukusogea hata kidogo. Kifaa kukaidi uamuzi wa wengi, huo si ndio ukoloni tulioufukuza? Na kwa kuwa mia na hamsini ni joto dogo, tukaongeza vifuu motoni, kwa mujibu wa kura.

4. Kwa hiyo twaomba kipimajoto kiongezewe mishale, kila kiti na wake, wa mwenyekiti uwe mrefu kuliko yote. Hilo likishindikana, itungwe sheria kwamba joto lisipande bila idhini ya kamati.

Wasalimie wa nyumbani kwako na wa afisini, pamoja na yule dereva wako aliyekohoa sana siku ile.

Ni mimi, mwenye kukutii na macho mekundu,
Menza, Katibu

Nyongeza: Kabla sijaikunja barua, moshi umebadilika rangi. Tukapiga kura kwamba ni mvuke, tatu kwa moja. Kisha Mzee Dzombo mwenyewe akainuka, akasimama mbele ya kioo, akatupa mgongo sote. Akaisoma namba, halafu akatoka mbio, na umri ule. Kipimajoto ni kizima, Bwana, kiache kilivyo. Moto umeruka nje na benchi limeungua, basi sasa sote twasimama mbele ya kioo na twasoma namba moja. Mutunga anazima tanuri. Mwanatumu naye anakuja na ndoo ya maji, wala sioni kama aelekea tanurini.