Tai ya Chura Karani

Jumatatu, 3 Machi

Wamemvua tai! Chura Karani, miaka arobaini shingoni na tai yake ya mistari, leo katokea kwenye televisheni shingo wazi kama mtu aliyefukuzwa kazi. Na mgongoni wamembebesha mkoba. Mkoba! Karani anayepokea malalamiko ya wanyama wote na kuyapiga muhuri, anabeba mkoba kama anakwenda matembezi? Nilipiga ukelele hadi mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani nimeanguka. Nikamweleza. Akauliza kama si kikaragosi cha kitambaa tu hicho. Nikamjibu kwamba hata bendera ni kitambaa. Akarudi jikoni.

Yote haya ni kazi ya Meneja Mpya. Ana miaka saba katika Kampuni inayotengeneza kipindi, lakini kwetu ni Mpya mpaka aondoke. Mwanzilishi, Mungu amrehemu, asingethubutu. Mwanzilishi alimtengeneza Chura kwa mikono yake miwili, akamvisha tai kwa mikono hiyo hiyo, kutufundisha kwamba hata mnyonge wa dimbwini ana heshima yake. Hilo tunalijua sote katika Umoja wa Wapenzi wa Chura Karani. Wanachama arobaini na mmoja. Wanaohudhuria, kumi na saba. Wanaonisikiliza, bado sijawahesabu.

Tena kuna habari kubwa. Kampuni itakaa meza moja na mwakilishi mmoja wa wapenzi, Jumamosi ya tarehe 15, kuzungumzia sherehe za miaka arobaini. Mmoja tu! Sisi tunapiga kura Jumamosi hii. Nani mwingine kama si mimi?

Jibu lilikuja jioni hiyo hiyo, likakaa kwenye kiti changu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu. Umoja mzima unamwita Takwimu. Kasema mkoba umeongeza watazamaji wadogo kwa asilimia kumi na tisa. Kasema Mwanzilishi ni wa kuheshimiwa, ila marehemu hatazami televisheni. Kisha, akijimiminia chai yangu, kasema naye anagombea.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa dharura kwa Kinyozi, ambaye ni katibu wetu na ndiye mwenye mabenchi. Nilikwenda na silaha nzito: barua ya Mwanzilishi. Aliniandikia mimi, kwa mkono wake, nilipokuwa na miaka tisa. Iko kwenye fremu sebuleni tangu nioe. Kwa miaka mingi nimewaambia wenzangu kwamba ndani yake Mwanzilishi ananikabidhi jukumu la kumlinda Chura. Hakuna aliyewahi kuomba kuisoma.

Takwimu akaomba kuisoma.

Akaisoma kwa sauti ya darasani: "Mpenzi mtazamaji, asante kwa barua yako. Endelea kututazama." Nikaeleza kwamba katika lile neno "endelea" ndimo lilimo jukumu lenyewe. Basi Takwimu akatoa barua yake mfukoni. Maneno yale yale. Sahihi ile ile, hata doa la wino chini ya mkia wa herufi ya mwisho. Kinyozi akasema ngoja, akavuta droo ya nyembe, akatoa ya tatu.

Nimerudi na fremu kwapani. Mke wangu kauliza kama nairudisha ukutani au aweke picha ya mama yake pale. Nimeomba muda wa kufikiri.

Jumatano, 5 Machi

Kazini, mambo mabaya yakazaa mema. Mimi ni fundi wa miwani, nasaga lenzi katika duka la Daktari wa macho. Mawazo yakiwa kwa Chura, nimemsagia mteja lenzi ya kulia kwa vipimo vya kushoto, na ya kushoto kwa vipimo vya kulia. Mteja kavaa, kasalimia mlango. Daktari hakupaza sauti. Kaniondoa tu kwenye mashine, kanipa sanduku la kadi za wateja ambao hawajachukua miwani yao, nizipange.

Kadi ya ishirini na tatu ikanishika mkono. Jina la ukoo wa Mwanzilishi! Jina kama lile halina pacha mji huu. Mwanamke, miaka sabini na minane, mshonaji mstaafu. Miwani tayari tangu Novemba, simu haipatikani. Dada yake! Damu yake! Aliyekula naye sahani moja!

Nikajitolea kuipeleka miwani hiyo mwenyewe, baada ya kazi, kwa miguu yangu. Daktari kanigusa paji la uso kuona kama nina homa. Kadi nimeitia mfukoni mwa shati.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwona! Chumba kimoja cha chini, cherehani imefunikwa shuka, vifungo vimepangwa kwenye makopo kwa rangi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaomba radhi kwamba miguu yake ndiyo iliyokataa kuja dukani. Nikamvisha miwani. Kwanza akaona ufa ukutani. Pili akaona bega la shati langu, akauliza nani alilishona akiwa amelala.

Nikaomba kurekodi kwa simu. Akasema nirekodi tu, maana hajawahi kuulizwa. Akazungumza dakika arobaini.

Naandika hapa kwa sababu shajara haina mdomo. Mwanzilishi hakumtengeneza Chura. Aliyemtengeneza ni Bibi huyu. Kaka yake alitaka simba, lakini kitambaa kilichokuwapo kilikuwa cha pazia, kijani, na kilitosha chura tu. Kaka alitia mkono ndani akatoa sauti. Sauti nzuri, kasema, hilo hamnyimi. Na ile tai? Nusu saa kabla ya kurekodi kipindi cha kwanza, mshono wa shingo ulifumuka. Bibi akararua bitana ya sketi yake akafunga palipofumuka. "Kichwa kilikuwa kinaning'inia," kasema. "Bila ile tai, pasingekuwa na Chura." Kaka yake aliichukia mpaka anaingia kaburini, eti inamwasha kifundo cha mkono. Aliwahi hata kutaka kuiuza Kampuni nzima kwa kiwanda cha sabuni. Kiwanda ndicho kilichokataa.

Nikauliza mbona jina lake halimo mwisho wa kipindi. Kasema mwanzoni kaka alidai herufi hazitoshi kwenye kioo. Kisha akasahau. Kisha akafa.

"Kinyongo sina, baba," kasema. "Ila kila kipindi kikiisha nilikuwa nasoma majina mpaka la mwisho. Mpaka la dereva."

Nikampa pole. Kisha nikamwomba arudie ile sehemu ya tai.

Nyumbani nilikaa kwenye kochi nimevunjika moyo kabisa, kama dakika kumi. Ndipo akili ikanirudia. Katika zile dakika arobaini zimo sekunde nne ambazo ni dhahabu tupu: "Bila ile tai, pasingekuwa na Chura." Dada wa Mwanzilishi, kwa kinywa chake! Nimekata hapo, nimewatumia Umoja mzima. Zilizobaki nimezifuta, zisije zikawachanganya wanachama.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Kinyozi ameisikiliza mara sita. Mwanachama mmoja, fundi bomba, kaniandikia kwamba amelia akiwa chini ya sinki la watu. Hata Takwimu kaja, mpole kama maji ya mtungini, kasema kura ya kesho ni halali yangu, ila anaomba jambo moja: akamwamkie yule Bibi. Anakaa wapi?

Nikasema mbali sana. Nikasema pia ni mgonjwa. Nikasema tena hapendi walimu.

Mke wangu, bila hata kuacha kukunja nguo, akampa kaka yake kadi aliyoitoa kwenye shati langu alipokuwa akifua. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakukosea hata mfuko.

Nikatoka mbio kwa Bibi kabla yake. Nikamwambia akialikwa mkutano wa kesho asihangaike, umeahirishwa hadi mwezi ujao. Akanitazama kupitia lenzi nilizozisaga mwenyewe, safi, hazina hata mkwaruzo. Akasema sawa, baba. Nimerudi nimetulia.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja. Takwimu alimshika mkono kutoka kwenye teksi, Kinyozi akamketisha kwenye kiti cha kunyolea, kile kinachopanda na kushuka, akampandisha ili wote wamwone. Akawaeleza yote kwa dakika tano. Pazia, sketi, sabuni. Mashine ya kunyolea ilibaki inanguruma peke yake mkononi mwa Kinyozi.

Kisha Bibi akasema: "Lakini mbona haya yote nilimweleza huyu baba wa miwani juzi?"

Vichwa kumi na saba vikanigeukia, kimoja kikiwa kimenyolewa upande mmoja. Nikasema simu iliishiwa chaji. Takwimu akauliza ni chaji gani inayoisha mwanzo na mwisho ikabaki katikati.

Kura: Takwimu kumi na tano. Mimi mbili. Moja ni yangu. Ya pili ilikuwa ya Kinyozi, na baadaye kanifafanulia kwamba alidhani tunachagua wa kufagia. Takwimu akasimama, akashukuru, akasema nafasi hiyo anampa Bibi. Makofi mpaka vioo vikatetemeka. Nami nikapiga, polepole, ili nisionekane.

Bibi akasema atahitaji mtu wa kumbebea sanduku lake siku hiyo. Wote wakajitolea. Akaninyooshea kidole mimi. Kasema anataka nikasikilize mara ya pili.

Jumamosi, 15 Machi

Makao makuu ya Kampuni. Sakafu inateleza, na ukutani picha ya Mwanzilishi ndefu kuliko mlango. Meneja Mpya amevaa viatu vyeupe. Nilikuwa na hotuba ya kurasa nne kuhusu tai. Bibi kaniambia nishike sanduku.

Aliomba kitu kimoja tu: jina lake mwisho wa kipindi.

Meneja Mpya akaweka mkono kifuani. Akasema kwa masikitiko makubwa kwamba Kampuni inauheshimu mno urithi wa Mwanzilishi. Kwamba inajulikana wazi, Mwanzilishi alimtengeneza Chura kwa mikono yake miwili. Kwamba wao ni nani hata waichezee historia? Wapenzi wenyewe hawatakubali. Yalikuwa maneno yangu, neno kwa neno! Nikajikuta natikisa kichwa kukubali. Bibi akanitazama. Nikaacha kutikisa.

Meneja akauliza kama kuna ushahidi wowote. Labda mazungumzo yaliyorekodiwa, kabla Bibi hajawa mwakilishi? Bibi akanigeukia tena, safari hii kwa matumaini, kama mtu anayemwonyesha shahidi wake. Ikabidi niseme. Nimeyafuta. Sekunde nne ndizo zilizobaki, na hizo hata Meneja alikuwa nazo, zimemfikia kwa simu. Niliona haya ambayo sijapata kuiona tangu nizaliwe. Mkono wa Bibi ulikuwa juu ya meza, na vidole vyake vilikuwa vinapapasa ukingo wa kitambaa, vinakagua mshono.

Akasema: "Basi fungua sanduku, baba."

Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi ya kaki alivyotumia kukatia Chura: kichwa, tumbo, miguu. Kila kipande na tarehe, kwa mwandiko wake. Na pembeni ya kile cha tumbo, kwa mwandiko mwingine ambao sote mle ndani tunaujua: "Dada, mfanye mnene kidogo."

Meneja Mpya akasoma, akaketi. Akamwita mwanasheria. Mwanasheria akasoma, naye akaketi. Kabla ya adhuhuri mambo yakawa yamekwisha: jina la Bibi litatangulia majina yote, na yeye atakuwa mshauri wa mavazi ya sherehe. Meneja akatueleza kwamba hilo Kampuni ilikuwa ikilitaka siku zote. Tukapigwa picha. Mimi nimo, kiwiko.

Jumapili, 16 Machi

Nimetafakari. Huyo Mwanzilishi, kusema kweli, sikuwahi kumwamini. Mtu wa kuuza vitu kwa viwanda vya sabuni! Aliyegundua ukweli ni nani? Nani alimpelekea Bibi miwani? Nimeunda chama kipya: Walinzi wa Urithi wa Bibi. Mwenyekiti nimekubali kuwa mimi. Mke wangu kauliza kama Bibi anajua. Nimemwambia mambo ya urithi hayataki haraka. Picha ya mama yake iko ukutani.

Jumatatu, 24 Machi

Msiba! Kampuni imeonyesha Chura wa miaka arobaini. Wa bluu! Bluu kama ndoo! Tai hana, na ule mkoba amebaki nao. Nani kathubutu kuikanyaga kazi ya Bibi namna hii?

Takwimu, mdomo umejaa mkate wangu, kasema aliyechagua ni Bibi mwenyewe. Kasema Bibi alikuwa naye jana, akamwambia rangi ya pazia ilimchosha tangu siku ya kwanza, na mkoba unaficha mshono wa mgongoni kuliko alivyowahi kuota. Kasema Bibi alicheka sana.

Sidanganyiki. Huyo si Bibi ninayemjua mimi, Bibi wa kijani, Bibi wa bitana ya sketi. Huyo ameshatekwa na menejimenti. Mimi nilimsikiliza dakika arobaini nzima, wao walimsikiliza tano. Nimeandika barua ya kurasa sita, na asubuhi naipeleka kwa mkono wangu hadi kwenye kile chumba cha chini, nimketishe, nimweleze taratibu kwamba Bibi asingekubali kamwe.