Sufuria ya Kanuni ya Nne

Inatangazwa kwa wananchi wote, wenye njaa na walioshiba, kwamba kuanzia Jumatatu kila kaya itakula makundi matano ya vyakula kwa siku, ili kuishinda corona. Tangazo hilo niliandika mimi, Mbuvi, Naibu Mratibu wa Kamati ya Mseto wa Sahani, na hadi leo nikilisoma nywele zinanisimama.

Ugonjwa ulikuwa na miezi mitatu nchini. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo watoto waliozoea githeri ya shule, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, sasa walikula nyumbani, yaani hawakula. Akina mama waliofulia matajiri nguo mtaani Kileleshwa walikuwa wameambiwa wakae huko kwao na vikohozi vyao. Mtu wa kawaida angeona hapo shida ya chakula. Kamati iliona mbali zaidi. Tuliona shida ya elimu: watu hawajui kuchanganya vyakula.

Bohari letu kule Kawangware lilijaa unga, maharagwe na mafuta hadi mlango ukakataa kufunga. Tungeweza kugawa tu, ovyo ovyo, kwa kila mwenye njaa. Lakini mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mburu, ni mtu wa utaratibu. Alituambia kikaoni, sambusa mkononi, "Chakula chetu ni cha kukamilisha mlo, si cha kuuanzisha." Tukapiga makofi na kupitisha Kanuni ya Nne: kaya itakayothibitika kula makundi matano ndiyo itakayopewa furushi la chakula. Isiyofikisha itapewa kipeperushi chenye picha ya parachichi.

Nilitumwa mtaa wa mabanda wa Laini Saba, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili kando ya reli. Mlango wa kwanza nilimkuta Nzilani, mama wa Kitui ambaye majirani humwita Mama Wanza kwa jina la bintiye. Nikafungua fomu.

"Jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, mlikula nini?"

"Asubuhi strungi, chai bila maziwa. Jioni ugali na chumvi."

"Chumvi si kundi, mama."

"Basi andika ugali na ugali."

Nikaandika alama moja, nikampa kipeperushi. Wanza, mwenye miaka sita, alikitazama kwa makini. "Mum, hii tunakula lini?"

Nilikohoa. Haikuwa corona, ilikuwa aibu, na fomu yangu haikuwa na kisanduku cha aibu. Milango mingine ilikuwa vilevile: huyu alikuwa na viazi viwili, yule maharagwe ya kukopa, mwingine mboga ya mrenda tu. Chumba cha mwisho kilikuwa kitupu, mpangaji wake alikuwa amekimbilia Vihiga kabla ya barabara kufungwa. Nikawatangazia kwamba ningerudi Alhamisi. Wasipofikisha tano, ploti nzima ingefutwa kwenye orodha.

"Hata watoto?" akauliza Mama Wanza.

"Orodha haina umri, mama."

Alhamisi nilipofika, mambo yalikuwa yamebadilika. Kwa Mama Wanza kulikuwa na sufuria kubwa, sikio moja limevunjika na kufungwa waya. Ndani mlikuwa na mahindi, maharagwe, viazi, mrenda, dagaa wa omena, na mafuta yakielea juu. Makundi sita! Kanuni inataka afisa athibitishe, kwa hiyo nikaonja kijiko kimoja. Kisha kimoja tena, cha uhakika.

Mlango wa pili ni wa Sella, fundi wa kushona, mzaliwa wa Kakamega. Naye alikuwa na sufuria kubwa, sikio limefungwa waya, yenye mahindi, maharagwe, viazi, mrenda, omena na mafuta. Nikaonja. Mlango wa tatu, hali kadhalika. Niligundua kwamba wakazi wa ploti ile wana mila nzuri ya kununua sufuria za aina moja na kuzivunja sikio lilelile. Nyuma ya vyumba kulikuwa na kichochoro, na kila nilipotoka mlangoni nilisikia miguu ya mtu akikimbia huko.

Mimi si mjinga. Ningeuliza, ningepata ukweli. Nisipouliza, ninapata takwimu.

Mlango wa tisa, Sella alitokea tena, jasho likimtiririka. "Officer, onja pole pole. Kuna milango bado, na watoi hawajakula."

Mlango wa kumi na moja kijiko changu kiligonga chini. Mama Wanza alisimama pale akiitazama sufuria, halafu akanitazama mimi.

"Kila mtu ameleta alichokuwa nacho," alisema. "Sasa hapa kwa ploti, ni wewe tu umekula mseto."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilikuwa nimeshiba vizuri, nikaandika sita, sita, sita hadi chini ya ukurasa.

Ripoti yangu ilitikisa ofisi. Mseto umepanda kutoka moja hadi sita kwa siku nne! Mheshimiwa alifurahi mno hata akaamuru mafurushi yasubiri. Kwanza alitaka kupigwa picha na ile sufuria.

Alikuja Jumatano, suti ya kijivu, barakoa yenye nembo ya Kamati. Tulikuwa ndani ya ua, mpiga picha akihangaika na kamera pale langoni, ndipo afisa wa afya alipoingia na utepe. Kevin wa mlango wa saba, mtu wa bodaboda, alikuwa amepimwa na kupatikana na virusi. Ploti imefungwa siku kumi na nne. Aliye ndani abaki ndani. Mpiga picha alikimbia.

"Unanijua mimi?" akauliza Mheshimiwa.

"Nakujua sana. Nilikuona kwa TV ukisema kanuni haina mkubwa."

Tukapewa kile chumba cha mwisho, mimi na yeye. Siku ya kwanza Mheshimiwa alikataa strungi ya majirani. Siku ya pili aliinywa. Siku ya tatu alipigia simu bohari, akampata Lavender, karani wetu.

"Lavender, niletee chakula!"

"Sawa, Mheshimiwa. Jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulikula nini?"

"Strungi. Na ugali."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Chumvi si kundi. Una alama moja. Nikutumie kipeperushi?"

"Hiyo kanuni niliandika mimi!"

"Ndiyo, na sahihi yako iko hapa mbele yangu. Afisa aliye karibu akikuthibitisha, natuma leo."

Mheshimiwa alinigeukia. "Mbuvi, andika tano."

Nilimpenda sana Mheshimiwa, lakini tumbo langu lilikuwa likiunguruma na swali la Wanza halikuwa limenitoka kichwani. "Mheshimiwa," nikasema, "lazima kwanza nione sufuria."

Akatoka mbio hadi mlango wa kwanza. "Mama Wanza, tafadhali, ile sufuria iko mlango wa ngapi?"

"Iko hapa." Akaiinamisha aione. Ilikuwa kavu. "Hakuna mtu amebaki na kitu ya kuweka. Futa hiyo kanuni yako, itajaa."

Kikao kilikuwa kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuhudhuria. Kanuni ya Nne ilifutwa kwa maandishi nyuma ya kipeperushi cha parachichi, kwa kalamu yangu. Mheshimiwa aliweka sahihi, nikaipiga karatasi picha na kumtumia Lavender, na saa tisa pikapu ya bohari ikashusha pale kwenye utepe mafurushi ya vyumba vyote kumi na viwili.

Siku ile walipika pamoja, katika sufuria ileile. Mama Wanza alianza kupakua mlango wa kwanza, bakuli la Wanza likiwa mbele, kisha sufuria ikasonga kwa Sella. Sisi tulikaa kizingitini kwetu, mlango wa kumi na mbili, vijiko mkononi.

"Imefika wapi?" akaita Mheshimiwa.

"Wa tatu," Mama Wanza akajibu bila kugeuka. "Na leo officer haonji."