Puto la Heliamu

Jumatatu, 14 Julai
Mkuu wa shule katangaza: Alhamisi mthibiti ubora anakuja kukaa darasani kwangu. Kwangu! Mada ni gesi adimu, na kwa nini haziungani na chochote. Akiridhika, napewa idara ya sayansi. Nisipomridhisha, anapewa Generosa, anayefundisha mkondo wa B. Generosa hana habari, kaomba benchi tu.

Jumanne, 15 Julai
Wazo! Puto la heliamu linaloelea. Nikampigia Happiness, mpambaji wa harusi. Kasema Mpanda nzima maputo yanajazwa kwa pampu, ya kuelea niagize Mwanza. Lakini haidrojeni nayo inaelea, na maabara tunaitengeneza wenyewe. Nani atauliza kilichomo ndani?

Jumatano, 16 Julai
Nimemchungulia Generosa. Kawabananisha wanafunzi wawili kwenye benchi fupi. Eti ndiyo heliamu: ganda la nje limejaa, hapokei mtu wala hatoi. Neoni na wenzake wanajaza kwa nane. Kisha akamkalisha Malale peke yake. Eti huyo ni haidrojeni, nafasi iko wazi, anamdaka yeyote anayepita. Mchezo wa watoto! Nimecheka, kidogo.

Alhamisi, 17 Julai
Puto limeelea! Makofi! Mthibiti, Mama Eufrazia, anaandika tu. Nikanogewa. Nikasema heliamu hata uiwashie moto haishtuki.
Akaweka kalamu chini. "Basi iwashie, mwalimu."
Nikasema kibiriti hakuna. Generosa, aliyekuja kutazama na kukaa nyuma, alikuwa nacho. Nikafunga puto kwenye fimbo ndefu, nikawasogeza watoto mbali. Njiti mbili zilizimika. Ya tatu haikuzimika.
Mlinzi anasema mlio umefika sokoni Kawajense. Watoto wazima, namshukuru Mungu. Nyusi zangu hazipo.
Mama Eufrazia akafuta miwani, akauliza darasa ile ilikuwa gesi gani. Wote: haidrojeni. Kwa nini?
"Benchi lake halijajaa, madamu."
Kumbe wanafundishana bwenini na wa mkondo wa B.

Ijumaa, 18 Julai
Idara kapewa Generosa. Kaniletea mafuta ya kupaka, kanipa pole bila kucheka. Afadhali angecheka. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Nimeapa: sidanganyi tena darasani.

Jumapili, 20 Julai
Nyusi nimechora kwa wanja wa mke wangu. Kanisani Yustina wa kwaya alikohoa sana kila aliponitazama.
Kesho mada ni potasiamu. Imeisha maabara. Sodiamu ipo, nayo inang'aa kama fedha hivyohivyo. Nimeshabandua lebo.