Waipa za Marehemu Kaijage

Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mvua kutwa. Waipa za pikapu yangu zimekwisha mpira, chuma kinakwaruza kioo. Kaka Celestin amekuja na kutangaza mbele ya mke wangu kwamba Jumamosi binti yake Uwingabire anaolewa Rugera, na gari lisiloona mbele halimbebi bibi harusi. Nisipopata waipa nzima, atapanda gari la Leonadi. Leonadi! Jirani tu, si ndugu! Mimi ndiye baba mdogo wa mtoto, nimembeba mgongoni. Haki ya nani, sikubali.

Jumanne, 11 Novemba

Nimekata tyubu ya baiskeli, nikashonea vipande kwenye waipa kwa uzi wa gunia. Fundi mimi! Mvua ilipoanza zikapaka kioo kizima weusi. Nikaingia kwenye migomba ya Leonadi. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mjini Kayanga waipa mpya zipo dukani. Nani kamuuliza?

Jumatano, 12 Novemba

Gari la marehemu mzee Kaijage limekaa uani kwake tangu tumzike mwezi uliopita. Waipa zake laini, nzima. Najua, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka matanga yaishe na mrithi atajwe. Lakini wazee husema ng'ombe na shamba. Waipa sijasikia wakizitaja.

Nilikwenda asubuhi, ukungu mzito, mjane wake Mama Joviana akiwa kanisani. Zilichomoka upesi mno, kama kuna mtu anazisukuma kutoka upande wa pili. Nikasema asante. Sijui nilimwambia nani.

Alhamisi, 13 Novemba

Jua kali, swichi nimezima, waipa zikaanza zenyewe. Polepole, kwa adabu. Tena ya kushoto tu! Upande wa abiria unang'aa, wangu vumbi tupu. Tulipofika Ndama kioo cha kushoto kikaota mvuke kwa ndani, kama mtu anapumua karibu nacho. Nimeandika "tulipofika". Nilikuwa peke yangu.

Niliogopa, sifichi. Kisha nikapandwa na hasira. Mtu anapanda bure halafu anafuta upande wake tu?

Jumamosi, 15 Novemba

Mvua ya kumwaga. Pikapu nimeipamba maua. Nimeendesha nimeinamia kushoto ili nione njia.

Uwingabire akatoka, kapendeza mpaka machozi yakanilenga. Nikamfungulia mlango. Akasita, akainama kidogo, akasema shikamoo. Nikaitika marahaba. Akasema samahani baba mdogo, hakunisalimu mimi, anamsalimu babu aliyekaa hapo, akaniuliza kama naweza kumwomba asogee kidogo.

Kiti kilikuwa kitupu. Ila kilikuwa kimebonyea katikati.

Celestin akachungulia, akafanya ishara ya msalaba, akamshika binti yake mkono. Binti akapanda kwa Leonadi. Nimewafuata nyuma nikilia kama mtoto. Ndipo Kaijage akanifutia na upande wangu, kwa mara ya kwanza, nione vizuri kabisa mtoto wetu akienda katika gari la Leonadi.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimempigia magoti Mama Joviana, nikasema yote. Hakushangaa. Akasema mumewe hata alipokuwa hai hakupenda kukaa nyumbani, nizirudishe tu kabla ya matanga kuisha. Nikazifunga palepale kwenye gari lake. Mlango wa abiria wa pikapu yangu ukafunguka taratibu, ukajifunga. Nikaapa kwa Bikira Maria sitagusa tena cha marehemu.

Nikaondoka. Nyuma yangu taa zote mbili za gari la Kaijage zikawaka ndani ya ukungu, zikanimulika mgongoni mpaka barabarani. Ndani hakuna mtu. Mwezi mzima halijawashwa!

Betri gani hiyo jamani! Yangu imekufa, nasukuma gari kila asubuhi. Kesho Mama Joviana anakwenda kusali jumuiya. Spana namba kumi ninayo.