Bwawa la Ndege Kibanjani

Jumapili, 2 Agosti 1987

Misa ya pili. Mahubiri marefu, nilisinzia. Tangazo la mwisho ndilo lililoniamsha. Bwana Maliasili wa wilaya atapita hapa Nyabiyonza siku ya Ijumaa. Anatafuta nyumba moja inayotunza ndege na wadudu wa asili ya kwetu. Nyumba hiyo itawekewa kibao barabarani. Kibao! Chenye jina la mwenye nyumba! Nilikuwa karani wa mizani ya kahawa miaka kumi na tisa, nikaandika majina ya watu wa kata nzima. La kwangu, Methodius, halijaandikwa popote ila kwenye cheti cha ubatizo.

Jirani yangu Polikarpi aligeuka akanitazama, akatabasamu. Ana ua wa maua mbele ya nyumba, basi anajiona. Tutaona.

Jambo jingine dogo. Jumamosi watu wa kijiji cha Ndama wanaleta posa ya binti yetu Joviana. Kijana ni fundi baiskeli, na Joviana anampenda mpaka anaimba akisugua masufuria. Mke wangu Adelgunda ameshafukia ndizi za pombe ziive, tupate lubisi ya wageni. Ameniomba kitu kimoja tu: wiki hii nisianzishe mradi wowote. Nimemwahidi. Bustani ya ndege haianzishwi, inaachwa tu.

Jumatatu, 3 Agosti

Kazi imeanza! Nimemwambia kibarua wetu, Celestin, asiguse jembe. Magugu yote ya kibanjani, shambani mwetu mwa migomba, yabaki. Akaniuliza kama nina homa. Akasema baba yake kule Rwanda asingemsalimia mtu mwenye migomba iliyojaa magugu namna hii. Nikamweleza kwamba magugu yanaleta wadudu, wadudu wanaleta ndege, na ndege wanaleta kibao. Akasema sawa mzee. Sikuipenda ile "sawa".

Kisha bwawa. Ndege wanataka maji. Udongo laini uko sehemu moja tu, kando ya kaburi la marehemu mama yangu, katikati ya migomba. Nafasi ni finyu, kwa hiyo shimo limetoka jembamba na refu. Nilimwambia Celestin achimbe mpaka magotini. Nikasinzia kidogo. Nilipoamka alikuwa amefika kifuani. Udongo tumeurundika pembeni, nyigu wanaupenda. Pamependeza sana.

Jumanne, 4 Agosti

Ndoo thelathini za maji kutoka kisimani. Zote zimenywewa na ardhi! Celestin akakanda udongo wa kichuguu, akaupaka ndani. Maji sasa yanakaa, ingawa ni ya kufunika kisigino tu, na mtu akisimama mbali hayaoni. Ndege aliyekuja ni mmoja, kuku wa Polikarpi.

Nimetambua kosa. Ndege wananiogopa mimi. Nimejenga kificho cha majani ya migomba, hatua chache kutoka bwawani. Kuanzia kesho alfajiri nitashinda humo. Adelgunda amesema huu ni mpango wangu wa kwanza wenye faida nyumbani. Nimewakataza yeye, Joviana na Celestin wasimwambie mtu niliko. Polikarpi akijua ataniiga.

Jumatano, 5 Agosti

Siku nzima kifichoni. Siafu wameniuma mahali pasipotajika. Ndege: sifuri.

Lakini kuna habari tamu! Kutoka kifichoni naliona shamba la Polikarpi. Hajalima! Jembe limelazwa mlangoni. Na majirani wa upande wa pili hawajalima pia. Mtaa mzima umekaa kimya, majembe chini. Wameyaona magugu yangu, wameanza kuniiga. Nilijua tu.

Mchana Polikarpi mwenyewe alikuja hadi kwenye rundo la udongo. Akasimama, kofia mkononi. Akatikisa kichwa. Akaguna. Amekubali kushindwa! Akaenda kwa Adelgunda, ambaye alikuwa akipuliza moto wa kuivisha ndizi, macho mekundu kwa moshi. Akamuuliza Methodius yuko wapi. Adelgunda, kwa kutii amri yangu, hakujibu. Alifuta macho tu kwa kanga. Mwanamke mwaminifu.

Alhamisi, 6 Agosti

Ndege: sifuri. Mgongo: umekwisha.

Adelgunda, Joviana na Celestin walishinda bondeni wakikamua ndizi. Nyumbani hapakuwa na mtu. Nikaona wanawake watano wanaingia uani na kuni kichwani. Wakazishusha taratibu, bila hata kicheko. Wengine wakaacha mikungu ya ndizi barazani, wakaondoka wakinong'ona. Sikutoka, kazi ni kazi.

Adelgunda aliporudi alifurahi mno. Alisema kumbe watu wa hapa wana upendo, wamesikia tuna wageni Jumamosi wakaamua kutusaidia. Nami nilifurahi. Inaonekana bustani inaleta hata majirani.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku mbaya kuliko zote.

Saa nne Bwana Maliasili akaingia kibanjani, Polikarpi nyuma yake. Na wakati huohuo, sikubuni, mdiria akatua kwenye kijiti mbele ya pua yangu! Wa buluu, mdomo mwekundu! Ndege wangu wa kwanza! Nikitikisika, anaruka. Nisipotikisika, nani ataisemea bustani? Nikaamua kwamba Bwana Maliasili ana macho yake. Nikabaki kama gogo.

Polikarpi akamnong'oneza. Bwana Maliasili akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akaondoka kwa kunyata. Nikasema, huyu ni mtaalamu, anamheshimu ndege.

Jioni nikasikia nyundo. Kibao kimepigiliwa kwa Polikarpi. Sikula.

Jumamosi, 8 Agosti

Nilirudi kifichoni kwa hasira. Adelgunda aliniambia nivae suti, wageni wanafika saa nane. Nikamjibu nitatoka nikiwasikia.

Walifika saa sita. Hawakuimba. Hawakuwa na vikapu vya posa. Wanawake wao walikuwa wamejifunga kanga viunoni, kuni kichwani. Mzee Mbonimpa, mshenga wao, hakwenda hata mlangoni. Alikuja moja kwa moja hadi kando ya bwawa langu, watu wangu wakamfuata wakishangaa, na Polikarpi akaja kusikiliza.

Mshenga akaanza kusema. Kwamba habari zimewafikia huko Ndama, kwamba Methodius ametutoka. Kwamba hajaonwa na mtu tangu Jumanne, kaburi limechimbwa kando ya mama yake, mjane ana macho mekundu, na majirani wote wameweka majembe chini kama inavyopasa mtaa ukifiwa. Adelgunda alipojaribu kumkatiza, akamwinulia mkono, mjane asijichoshe kwa maneno.

Hapo ndipo nilipoelewa lile jembe la Polikarpi. Na zile kuni.

Mshenga akaendelea, marehemu alikuwa mtu wa mawazo mengi. Nikatega sikio nisikie zaidi. Hapakuwa na zaidi. Akasema kwa heshima ya msiba, mambo ya posa yawekwe kando mwaka mzima.

Joviana alikuwa amevaa gauni jipya la kijani. Hakulia kwa sauti. Alikaa tu chini mavumbini, na gauni lake, akaficha uso. Niliona aibu, aibu ya kweli, ikaniuma hadi kifuani. Nikatoka.

Labda ningekohoa kwanza. Nilichomoka kwenye majani nikiwa tope tupu, nikipaza sauti kwamba nimekubali posa. Mayowe! Kuni zikaanguka. Mzee Mbonimpa, mtu wa miaka sabini, alipita juu ya mibuni, hakuipita kando. Alipatikana saa tisa akiwa na kiatu kimoja. Polikarpi alitumbukia bwawani. Hilo tu ndilo lililonifariji.

Adelgunda aliwaeleza yote. Lubisi ikaja. Kufika kibuyu cha tatu, mshenga mwenyewe akaanza kucheka. Lakini posa waliiacha nyumbani, nani anabeba posa kwenda msibani? Watarudi Jumamosi ya tarehe 22. Mshenga akaacha kucheka akaniambia kwamba wakikuta tena dalili ya msiba hapa, hata ya uongo, kijana atatafutiwa mchumba kwingine. Hawataki ukwe na nyumba isiyojua nani hai na nani amekufa.

Walipoondoka Joviana alinishika mkono. Alisema ananiomba wiki mbili tu, niwe mzima na nionekane. Machozi yalinitoka. Nikamwahidi.

Jumapili, 9 Agosti

Alfajiri nimesikia vyura! Watatu, bwawani mwangu! Na kereng'ende mwekundu akizunguka juu ya maji. Sikwenda misa, nimekaa nao.

Celestin ameleta habari kutoka kanisani. Bwana Maliasili amesikia kwamba hapakuwa na msiba, naye ni mtu wa haki. Atarudi tarehe 21 kuangalia upya. Kibao bado kinaweza kung'oka kwa Polikarpi!

Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Kosa lilikuwa shimo moja. Mtu akiona shimo moja refu kando ya kaburi, lazima afikirie kaburi. Lakini akiona mawili yamelala sambamba, atafikirije hivyo? Celestin ameshaanza la pili. Nimemwambia alifanye fupi kidogo, la vyura. Ameniuliza kama amwarifu Padre mapema. Nikamjibu Padre hajui lolote kuhusu vyura.

Ahadi ya Joviana naikumbuka. Nitaonekana, tarehe 22 asubuhi, na suti. Adelgunda anaondoka kesho kwa kaka yake kule Muleba, anarudi tarehe 22 hiyohiyo, na anamchukua Joviana akashonewe gauni jingine. Kwa hiyo hakuna wa kunisumbua. Celestin nimempa likizo akimaliza kuchimba. Kificho nimekisogeza ndani kabisa ya migomba na kukiongezea majani, na safari hii nimehakikisha hakuna mtu atakayeniona.