Baiskeli Mpya na Kiuno cha Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Nyekundu, nyembamba, nyepesi hata mtoto angeinyanyua. Usukani uko chini, kiti kiko juu, na anayeipanda huinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ndiyo mtindo. Ile kuukuu nimemwachia muuzaji, kwa hiyo kurudi nyuma hakuna.

Sababu ya haya yote ni Mshale. Ni fundi viatu, tunagawana kibaraza: mimi na cherehani yangu upande huu, yeye na misumari yake upande ule. Jina nimempa mimi, mwenyewe halijui. Wiki iliyopita alitupita kwenye mlima wa sokoni, mimi nakanyaga pedali jasho linanitoka, mama watoto amekaa nyuma kwenye keria, na akatupigia kengele. Mara mbili! Ile ya pili ilikuwa ya nini? Nimeapa Jumamosi hii nitampita palepale. Yeye sijamwambia.

Mama watoto aliizunguka baiskeli taratibu, akapapasa nyuma ya kiti, mahali ambapo keria ingekuwa. Akauliza yeye atakaa wapi. Kusema kweli sikuwa nimelifikiria. Nikamwambia keria itafuata. Akasema haya, atatembea kwenda kazini, zahanati si mbali. Ni mbali.

Jumanne, 4 Machi

Naumwa. Shingo, mabega, kiuno. Viganja vimekufa ganzi, sindano naishika na sijui kama ninayo. Makalio sitayataja, karatasi nayo ina heshima yake. Kukaa kwenye cherehani hakuwezekani. Nikawatangazia wateja kuwa leo ni siku ya vifungo, nikavishona vyote nimeegemea mlango.

Mama watoto aliuliza mbona natembea kama nimebeba ndoo kichwani. Nikasema nililala vibaya. Akasema tumelala kitanda kimoja na yeye amelala vizuri.

Nilipita kwa fundi baiskeli, nikijifanya namuulizia rafiki. Akasema mwili una mazoea yake. Baiskeli mpya inaamsha misuli iliyokuwa usingizini, kwa hiyo rafiki aende polepole, safari fupifupi, na kwanza kabisa aje apimwe ili kiti na usukani vimfuate yeye. Kisha akanyoosha mkono apime mguu wa rafiki, yaani wangu. Nikaruka. Mimi ndiye ninayepima watu hapa mjini! Nikaazima spana nikaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi hajinyoi, wanasema. Wanasema mengi. Kweli nilijaribu kujipima mguu. Nikiinama futi inajikunja, nikisimama siwezi kuisoma. Ndipo nikakumbuka suruali yangu ya harusi! Niliikata mwenyewe, vipimo vyake navijua kama jina langu. Nikapandisha kiti kufuata urefu uleule, nikakaza nati. Sasa pedali nazifikia kwa ncha za vidole. Nikikanyaga kulia nalalia kulia, nikikanyaga kushoto nalalia kushoto. Nadhani nitazoea.

Kuhusu yale nisiyoyataja, nimetumia ujuzi. Nimeshona sponji ndani ya suruali, safu juu ya safu, haionekani kabisa. Mshale alinitazama nikipita, akasema naona biashara inakwenda vizuri, fundi, umenenepa upande mmoja. Wateja wakacheka. Kipya kinyemi ingawa kidonda, akaongeza. Nikajitia hamnazo.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni. Asubuhi nilimpita mama watoto njiani, anatembea peke yake pembeni mwa barabara, mkoba kwapani. Akanipungia mkono. Mimi sikuweza kumpungia, maana ningeachia usukani ningeanguka. Miaka yote hii kila asubuhi amekuwa akinisimulia nyuma ya mgongo wangu: nani amejifungua, muuguzi gani amenuna, shuka zipi hazitoki madoa, kwa kuwa yeye ndiye anayezifua. Sasa sijui hata kama yule mama wa mapacha ameruhusiwa kwenda nyumbani. Jioni nikamuuliza. Akasema maneno ni marefu na yeye amechoka. Akajifunika shuka.

Jumamosi, 8 Machi

Nilimvizia Mshale chini ya mlima. Alipotokea nikamwacha atangulie kidogo, kiungwana, kisha nikakanyaga. Nikampita! Nikapiga kengele mpaka kidole kikauma. Raha iliyoje! Hapohapo paja likakaza. Nikataka kusimama, mguu haukufika chini. Kiti kile! Nikayumba, nikaegemea hewa, nikaingia kwenye ua wa miiba wa watu, mimi na baiskeli yangu na sponji yangu.

Sponji ilisaidia. Hilo nalisema wazi.

Mshale alisimama. Hakucheka, na hilo liliniuma kuliko miiba. Akanitoa kwenye ua, akanipakia kwenye keria yake, akamwomba mwenye nyumba anitunzie baiskeli mpaka jioni. Wala hakujua kama yalikuwa mashindano. Alinipisha akidhani nimepata habari mbaya nawahi mahali. Alinishusha mlangoni kama gunia, akamwambia mama watoto, shemeji, huyu mtu aangaliwe. Kisha akarudi kwenye viatu vyake. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Mama watoto alinipaka dawa mgongoni. Alipomaliza akaichukua futi yangu msumarini, akaniambia nisimame ukutani, miguu peku. Mimi, nipimwe! Nikasimama. Akapima mguu, akatazama baiskeli, akapima tena. Akauliza kiti kile nilikipandisha kwa kipimo gani. Nikamwambia cha suruali ya harusi.

Alikaa kitandani akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Akanikumbusha kwamba siku ile nilivaa raizoni. Ni kweli! Viatu vyenye soli nene kama tofali, na suruali niliirefusha makusudi ili izifunike. Kumbe siku zote hizi nilikuwa namwendeshea baiskeli bwana harusi.

Akateremsha kiti. Akapandisha usukani mpaka mgongo wangu ukanyooka na viwiko vikalegea. Akasogeza kiti mbele kidogo, akanitaka nipande nikishikilia ukuta, akanichungulia goti, akashusha tena kidogo. Nati alizikaza kuliko mimi. Nikakaa pale juu, hakuna kinachouma, na badala ya kufurahi nikaona haya. Nikamuuliza kama kutembea kumemchosha.

"Kutembea hakujanichosha, baba watoto," akasema. "Nimechoka kukaa na maneno mpaka jioni. Yakifika hapa yameshapoa, hata mwenyewe siyataki."

Nampenda mke wangu. Neno hilo naliandika hapa kwa sababu mdomoni lilinikwama.

Jumatano, 12 Machi

Keria imefungwa! Asubuhi alikaa nyuma, akanishika kiuno, na kabla hatujafika kwenye kona nilikuwa nimeshajua yote. Mama wa mapacha aliruhusiwa Ijumaa, mmoja analia, mwingine anamtazama tu. Muuguzi mkuu na mtunza dawa hawasemeshani. Kuna shuka imerudi ikiwa na mfuko wa mto ndani yake na hakuna anayekiri. Nilicheka mpaka tukayumba. Mlimani Mshale alitupita akapiga kengele. Mara mbili tena, lakini sikuhesabu.

Sasa jioni hii mama watoto ameshuka nimemwona anashika kiuno. Ameingia ndani anatembea kama amebeba ndoo kichwani. Nikamuuliza. Akasema alilala vibaya.

Vibaya wapi, na mimi nimelala vizuri? Nikatoka nikaitazama keria. Chuma kitupu, na iko juu kuliko ile ya zamani, naye miguu yake haina pa kukanyaga. Anaumia, na hasemi, anaogopa nitamwambia atembee tena. Roho imeniuma, na wakati huohuo nimejisikia tajiri.

Nikimuuliza tena atakataa. Dawa ninayo. Nitamshonea mto wa sponji wa kukalia, mzuri, wa kumkaa sawasawa, na hatajua lolote mpaka aukute umefungwa kwenye keria. Kumpima ndiko kutaharibu siri, lakini hakuna haja. Vipimo vya nyonga zake ninavyo kichwani tangu nilipomshonea gauni la harusi. Kitambaa nimeshakata.