Mahindi Yenye Damu ya Tumbaku

Jumatatu, 13 Machi 2006
Kitale, mkutano wa wakulima. Mvua, viti vya baridi, moyo mzito. Mwaka jana funza walikula mahindi yangu hadi bua. Ya jirani yangu Hesbon waliyaacha. Leo mtafiti, Daktari Jerop, kaeleza jambo. Kuna bakteria wa udongoni anayeingiza jeni zake ndani ya mmea, mmea ukaota vinundu. Wataalamu humvua jeni za vinundu, humbebesha jeni wanayoitaka, naye huipeleka hata kwenye mahindi. Akaanza kusema inafanywaje. Chai ikaletwa. Nilitoka kuwahi mandazi. Lakini la maana nimelishika.

Jumatano, 15 Machi
Bungoma. Nimewaza. Nani amewahi kuona funza akivuta tumbaku? Basi mahindi yangu yatakuwa na tabia ya tumbaku. Majani ya tumbaku nimeyatoa Malakisi. Vinundu nimevipata kwenye mawaridi ya kanisani, pale shinani. Mchungaji akauliza natafuta nini. Nikasema nang'oa magugu. Akanishukuru. Nilijisikia vibaya, kidogo.

Jumamosi, 18 Machi
Nimetwanga vinundu na majani, nimeloweka mbegu yote kwenye pipa. Mbegu ni ya mke wangu, Nasimiyu. Kikundi chao cha akina mama hupeana kwa zamu. Amengoja yake miaka miwili. Yuko kwa dada yake, huko Endebess. Sikumwambia. Sayansi inataka utulivu.

Jumanne, 21 Machi
Pipa linanuka. Hesbon kaja na kikombe, anauliza pombe ya busaa itaiva lini. Nimepanda ekari nzima peke yangu. Mgongo umekwisha.

Alhamisi, 30 Machi
Kwa Hesbon, mistari ya kijani. Kwangu, udongo mtupu. Nasimiyu amerudi. Akafukua shimo moja, la pili, la kumi. Mbegu zimeoza. Nikamweleza habari za bakteria. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakupaza sauti.
"Baba Ian," akasema, "si ungeniambia tu unataka watoto walale njaa. Ningejipanga."
Akaingia ndani. Jioni hakuna aliyeniita kula.

Jumatatu, 3 Aprili
Kitale tena, kumlalamikia Daktari Jerop. Hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Alisema kazi ile hufanyiwa maabara, kwa seli changa za mmea, si kwa mbegu ndani ya pipa. Yeye mwenyewe amejaribu miaka saba, na mara nyingi imekataa.
"Mzee, nenda upande maharagwe," akasema. "Mvua bado iko."

Jumanne, 4 Aprili
Nimefikiria. Daktari imemkataa miaka saba. Mimi mara moja tu. Kwa hiyo niko mbele yake. Kosa ni lile pipa. Safari hii natumia sufuria. Nasimiyu ameomba mbegu kwa dada yake, ameifungia sandukuni, ufunguo ameuvaa shingoni. Sawa. Hesbon amekwenda matangani Ndalu hadi Ijumaa. Mbegu aliyobakiza iko ghalani, na ghala lake halina kufuli.